Safari Fupi ya Gari Vijijini Ireland: Panga kwa Dakika, Usipange kwa Kilomita

Kosa linalojirudia ni hili. Mtu anafungua ramani, anaona Dublin hadi Galway ni kama kilomita 210, chini ya nusu ya Dar hadi Dodoma, anasema kumbe nchi yenyewe ndogo. Anapanga siku 4: Galway, Connemara, magenge ya Moher, Kerry, Cork, kisha Dublin. Siku ya pili giza linamkuta kwenye kibarabara chenye upana wa gari moja na nusu, mvua inanyesha, jiko la pabu limeshafungwa, na saidi mira ya kushoto imelambwa na ukuta.

Kilomita zake alizihesabu sawasawa. Alichokosea ni mwendo. Ukishaacha barabara kuu, kilomita 40 ndani ya saa moja ni mwendo mzuri, na hiyo ni kabla hujasimama kupiga picha.

Mwongozo huu unafuata njia moja halisi: siku 5 kutoka Uwanja wa Ndege wa Dublin kwenda kaunti za Clare na Kerry, magharibi mwa nchi, na kurudi. Ukiamua kwenda kona nyingine, hesabu na tahadhari ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Pasipoti na viza ya Ireland. Maelezo yako hatua ya 1.
- Leseni halisi, si nakala wala picha ya simu. Mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao hadi miezi 12 ikiwa bado hai. Kampuni nyingi za kukodisha hutaka uwe nayo kwa mwaka mmoja au miwili. Kama haisomeki kwa Kiingereza, beba pia kibali cha kimataifa cha udereva.
- Kadi ya mkopo ya plastiki yenye jina la dereva mkuu. Kadi ya benki ya kawaida mara nyingi hukataliwa, na kadi pepe ya kwenye simu usiitegemee kabisa. Hapa ndipo safari nyingi zinapofia, kaunta, mizigo ikiwa mkononi.
- Simu yenye ramani zilizopakuliwa, kishikio cha kuibana kwenye dashibodi, na chaja ya gari. Mabondeni Kerry mtandao hupotea.
- Koti la mvua lenye kofia, na viatu visivyoteleza. Mwavuli uache nyumbani. Upepo wa Atlantiki utaugeuza nje ndani.
- Kiti cha mtoto kwa kila mtoto aliye chini ya sentimita 150 au kilo 36. Ni sheria. Kibuku pamoja na gari, usisubiri kufika.

Adapta ya umeme huhitaji ukitoka Kenya, Tanzania au Uganda. Soketi zao ni zile zile za pini tatu bapa.

## Hatua ya 1: Maliza viza kabla ya kulipia kisichorudishwa

Ireland haimo katika Schengen, ule ukanda wa nchi za Ulaya zenye viza moja. Viza ya Schengen haikuingizi, na ya Uingereza pia haimsaidii mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda. Hili huwaponza zaidi ndugu wanaoishi Uingereza: kibali chako cha ukaazi wa London hakitoshi, hata ukivuka kwa meli badala ya ndege.

Unaomba viza ya muda mfupi, aina ya C, kwenye fomu ya mtandaoni ya idara ya uhamiaji ya Ireland. Unaweza kuomba hadi miezi 3 kabla ya safari, nawe tumia nafasi hiyo mapema, kwa sababu wiki 8 za kusubiri si jambo la ajabu. Ada ni euro 60 kwa kuingia mara moja na euro 100 kwa kuingia mara nyingi.

Vyumba buku vile vinavyoweza kufutwa bila gharama. Ukikataliwa viza, hutapoteza pesa ya malazi.

Tahadhari ya mpaka. Ireland ya Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Barabarani hakuna geti wala askari, utagundua tu kwamba vibao vya spidi vimeanza kuhesabu maili. Lakini kisheria umeingia nchi nyingine, unahitaji viza yake, na kampuni ya gari nayo inataka uwe umeomba ruhusa. Kama huna vyote viwili, usiguse kabisa Derry, Belfast wala Giant's Causeway.

## Hatua ya 2: Chagua kona moja, vituo viwili vya kulala

Pwani yote ya magharibi ina njia ya watalii yenye alama, Wild Atlantic Way, kilomita 2,500 kutoka Donegal hadi Kinsale. Wanaojaribu kuila yote kwa siku 5 huishia kuona dashibodi.

Kanuni ni usiku 2 kwa kila kituo, wala si usiku mmoja mmoja. Kila ukihama unapoteza nusu siku: kufunga mizigo asubuhi, kutafuta nyumba jioni, kusubiri chumba kiwe tayari.

Mgawanyo wetu uko hivi:

- Usiku wa 1 na wa 2: Ennistymon, Clare. Ni mji mdogo wenye maduka na sheli, na uko karibu na Moher bila bei za mlangoni mwa Moher.
- Usiku wa 3 na wa 4: Dingle, Kerry.
- Usiku wa 5: karibu na Uwanja wa Ndege wa Dublin.

Kabla hujabuku, kagua kalenda ya huko. Miltown Malbay hujaa wanamuziki mwanzoni mwa Julai. Puck Fair ya Killorglin ni tarehe 10 hadi 12 Agosti, na mwezi huohuo Tralee ina tamasha lake kubwa la Rose of Tralee. Jumatatu ya kwanza ya Mei, Juni na Agosti ni sikukuu, kwa hiyo Ijumaa yake Wairishi wenyewe wanaelekea pwani.

Mwezi gani uende? Mei, Juni au Septemba. Juni jua Kerry linazama karibu saa 4 usiku, yaani siku moja inakupa mchana wa siku moja na nusu. Desemba linachomoza saa 3 kasoro asubuhi na kabla ya saa 11 jioni limeondoka. Siku 5 za Desemba hazifiki tatu za Juni.

Ukibuku nyumba, omba Eircode yake. Ni msimbo wa herufi na tarakimu 7, na kila anwani ina wake peke yake. Vijijini nyumba nyingi hazina namba wala jina la mtaa, na majina ya vijiji yanajirudia kaunti hata kaunti. Andika Eircode kwenye ramani ya simu, nayo itakufikisha mlangoni.

## Hatua ya 3: Geuza kilomita kuwa dakika

Barabara zao zina herufi. Zijue, maana herufi ndiyo inayokuambia mwendo:

- M: barabara kuu ya njia nyingi, kikomo 120.
- N: ya kitaifa, mara nyingi kikomo 100. Baadhi ni pana, baadhi zinapita katikati ya vijiji.
- R: ya mkoa, kikomo cha kawaida 80. Kona, matrekta, baiskeli.
- L: ya kijiji. Tangu Februari 2025 kikomo cha kawaida ni 60, na sehemu nyingi hata 60 ni uchizi.

Spidi zote ni za kilomita kwa saa. Mijini ni 50, au chini ya hapo kibao kikisema.

Hesabu iko hivi: chukua muda ambao ramani ya simu inakupa. Kwa M ongeza sehemu ya kumi. Kwa N nyembamba, R na L ongeza theluthi. Halafu kila kituo mpe dakika 30 kikiwa cha kushuka na kupiga picha, saa 2 kikiwa na tiketi na mgahawa. Jumla ikizidi saa 8 kwa siku, futa kituo kimoja. Usijidanganye kwamba utaamka mapema. Kifungua kinywa cha nyumba za wageni mara nyingi hakiko mezani kabla ya saa 2 asubuhi.

## Hatua ya 4: Kodi gari dogo

Chukua gari dogo kuliko unalolipenda. Watu wawili na masanduku mawili wanatosha kwenye gari la ukubwa wa Vitz. Wakenya na Watanzania hupenda gari la juu kwa sababu ya barabara za kwetu, lakini Ireland lami ipo hadi mlangoni mwa mkulima. Kinachokosekana ni upana, na SUV inakuongezea upana usio na pa kuuweka.

Magari ya gia ndiyo mengi na rahisi kwa bei. Otomatiki ni machache, buku mapema. Anayetoka nchi ya kuendesha kulia, yaani Rwanda, Burundi, Kongo, Oman au Marekani, achukue otomatiki hata ikizidi bei: mkono wa kushoto kutafuta gia na macho kutafuta upande wa barabara ni kazi mbili kwa siku moja. Kenya, Tanzania na Uganda tunaendesha kushoto kama wao, kipilefti unazunguka vilevile na kumpisha anayetoka kulia.

### Bima ndiyo penye mtego

Bei ya mtandaoni mara nyingi ina bima ya msingi, lakini ajali ikitokea sehemu ya kwanza ya hasara unaibeba wewe. Kaunta wataiita *excess*, na mara nyingi ni kati ya euro 1,500 na 3,000. Kiasi hicho hufungiwa kwenye kadi yako kama dhamana hadi urudishe gari, kwa hiyo kikomo cha kadi lazima kiwe na nafasi hiyo na bado ubaki na pesa ya kula.

Una njia mbili. Ya kwanza, nunua bima yao ya ziada kaunta: ni ghali kwa siku, lakini dhamana hushuka sana na jambo likitokea unakabidhi funguo unaondoka. Ya pili, nunua kabla ya safari bima ya nje inayokurudishia hasara hiyo: ni nafuu sana, ila kaunta bado watafunga dhamana nzima, na ukigonga unalipa kwanza halafu unadai.

Vyovyote utakavyochagua, tafuta mstari unaotaja tairi, rimu, vioo na sehemu ya chini ya gari. Bima nyingi za msingi zinaviacha nje, na hivyo ndivyo vinavyoumia vijijini Ireland.

## Hatua ya 5: Kaunta, na dakika kumi za kukagua

Uliza maswali matatu kabla ya kusaini:

1. Gari ni petroli au dizeli?
2. Tozo ya M50, barabara ya kuzunguka Dublin, mnailipa nyinyi, au nalipa mwenyewe?
3. Mafuta narudisha yakiwa kiasi gani?

Kisha lizunguke gari ukichukua video bila kukatiza. Anza mbele kushoto, rimu moja moja kwa karibu, saidi mira zote mbili, kioo cha mbele, mwisho geji ya mafuta na kilomita. Mkwaruzo ambao haupo kwenye karatasi yao uandikwe kabla hujatoka. Kama gari limelowa mvua, lipanguse kwa kitambaa kwanza. Maji huficha mikwaruzo, na gari likikauka siku ya kurudisha yote itaonekana.

Fungua pia buti uone kama lina tairi la akiba. Magari mengi ya kisasa yana chupa ya gundi na pampu tu, ambayo haisaidii tairi lililochanika ubavuni. Kama halina, andika namba ya msaada wa barabarani ya kampuni mahali unapoweza kuiona bila intaneti.

Kwenye sheli unajaza mwenyewe, halafu unaingia ndani kulipa. Mpini wa petroli kwa kawaida ni kijani, wa dizeli ni mweusi. Petroli ina alama E10, dizeli B7. Ukiona pampu ya dizeli ya kilimo, ile iliyotiwa rangi ya kijani, achana nayo: ni ya matrekta, na gari la barabarani kuitumia ni kosa la jinai. Umekosea mafuta? Usiwashe injini. Ukiwasha, mafuta yanasambaa hadi kwenye pampu na sindano, na gharama inaruka mara nyingi.

## Hatua ya 6: Siku ya 1, Dublin hadi Ennistymon

Kama umeshuka kwenye ndege ya usiku kucha kupitia Doha au Dubai, lala kwanza. Chumba kimoja karibu na uwanja ni rahisi kuliko gari lililoingia mtaroni.

Njia ni M50 kuelekea kusini, M7 hadi Limerick, kisha N18 na M18 hadi Ennis, halafu N85 hadi Ennistymon. Ni kama kilomita 265. Ipe saa 3 na nusu ukiwa na mapumziko moja.

Tozo ni tatu:

- M50. Haina geti. Kamera zinasoma namba ya gari kati ya Blanchardstown na Lucan. Unatakiwa uwe umelipa kabla ya saa 2 usiku wa kesho yake, mtandaoni au kwenye maduka yenye alama ya Payzone. Ukisahau, faini inaongezeka kadiri unavyochelewa, na kampuni ya gari inaongeza ada yake juu. Ndiyo maana ya lile swali la pili kaunta.
- M7 karibu na Portlaoise. Ina geti.
- Handaki la Limerick. Lina geti pia.

Weka sarafu kadhaa za euro karibu na gia. Kwenye M kaa njia ya kushoto. Ya kulia ni ya kupita tu.

Nunua maji, matunda na mkate njiani. Sheli zao kubwa zina kaunta ya chakula moto, na mkate mrefu wa kuku unaokatwa mbele yako hapo unashinda mikahawa mingi ya watalii. Kwa wanaokula halali: nje ya miji mikubwa nyama halali ni adimu sana. Samaki wapo tele pwani, lakini ile supu nzito ya samaki wakati mwingine hutiwa nguruwe wa kukausha. Uliza kabla ya kuagiza.

Majiko ya vijijini mengi hufunga saa 2 na nusu au 3 usiku, hata kama pabu yenyewe itakesha.

## Hatua ya 7: Jifunze barabara nyembamba kabla haijakufundisha

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi. Toka Ennistymon jioni hiyo, au asubuhi ya siku ya 2, ufanye mazoezi ya dakika 20 kwenye barabara yoyote ya L.

Ua wa pembeni si majani matupu. Ule ukuta wa majani pembeni unaoonekana laini una mawe ndani yake. Dereva anaona gari linakuja, anajibana kushoto akidhani atagusa matawi, anasikia mlio. Kwanza ni saidi mira, kisha ubavu wa tairi unachanwa na jiwe la chini. Abiria wa mbele ampe dereva taarifa ya upande wa kushoto kwa sauti: "una shubiri mbili", "umegusa".

Mkikutana pembamba, yule aliye karibu na sehemu pana ndiye anayerudi rivasi, hata kama ni wewe na hata kama unapanda. Kwa hiyo unapoendesha, kila nafasi pana unayoipita, ya lango la shamba au ya kupishania, ikumbuke: "nyuma mita 50 kuna nafasi". Nafasi ikiwa upande wako, ingia. Ikiwa upande wa kulia, simama mkabala nayo umwachie mwenzako aingie. Usiivuke barabara kwenda upande wake, atashindwa kukuelewa.

Kidole cha shukrani. Dereva wa huko akikupisha au ukimpisha, atainua kidole kimoja cha shahada juu ya usukani bila kuachia mkono. Nawe inua. Ni salamu nzima hiyo.

Trekta mbele yako usilipite penye kona. Mkulima akipata nafasi ataingia pembeni mwenyewe. Nawe ukiona magari mawili yamejipanga nyuma yako kwa sababu unatazama mandhari, washa indiketa ya kushoto, ingia pembeni, waache waende.

Kondoo wenye madoa ya rangi mgongoni wanalala kwenye lami kwa sababu ina joto. Honi haiwasumbui. Sogea polepole, mama akivuka subiri mwanawe, maana atavuka tu.

Usiegeshe kwenye lango la shamba, hata kwa picha ya dakika moja, hata kama lango lina kutu na nyasi zimeota. Wakati wa kukata majani ya mifugo, trekta linaweza kufika muda wowote wa siku.

Vibao katika maeneo ya Gaeltacht, yaani yanayozungumza Kiairishi, vimeandikwa Kiairishi peke yake. *Géill Slí* ni pisha. *Go Mall* ni polepole. Dingle utaiona kama *An Daingean* au *Daingean Uí Chúis*. Andika majina yote mawili ya kila kituo kwenye karatasi.

Mazoezi yametosha pale unapoweza kurudi rivasi mita 50 kwa vioo vya pembeni bila moyo kwenda mbio. Kama bado, rudia.

Na pombe: kikomo ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, kwa madereva wapya na wa kazi 20. Anayeendesha asinywe, basi. Simu mkononi ni faini na pointi. Dharura yoyote piga 112 au 999.

## Hatua ya 8: Siku ya 2, Moher na Burren

Zunguka kwa mwelekeo wa saa: Lahinch, magenge ya Moher, Doolin, barabara ya pwani R477 kupitia Fanore na Black Head, Ballyvaughan, R480 hadi Poulnabrone, Kilfenora, Ennistymon. Ni kama kilomita 85.

Kwa nini mwelekeo huo? Unaendesha kushoto, na bahari inakuwa kushoto. Kila nafasi ya kuegesha kando ya maji unaingia bila kukata barabara mbele ya gari linalokuja.

Tiketi ya Moher nunua mtandaoni kwa saa maalumu. Chagua ya asubuhi mapema, kwa sababu kuanzia saa 5 mabasi kutoka Dublin na Galway yanamwaga watu. Sehemu ya juu kabisa ya magenge ni mita 214, na ukingo ni udongo laini juu ya jiwe. Kaa ndani ya njia, hasa siku ya upepo. Ukungu ukifunika, hutaona kitu hata ukisimama hapohapo. Badilisha, anza na Burren, rudi Moher jioni kama tiketi inaruhusu.

Burren ni uwanda wa mawe ya chokaa yenye nyufa ndefu. Tembea ukitazama unapoweka mguu, nyufa nyingine zinameza mguu hadi gotini. Poulnabrone, kaburi la kale la mawe, halina tiketi. Usipande juu yake.

Hesabu ya siku: kuendesha saa 2 na nusu, vituo karibu saa 5. Ukitoka saa 3 asubuhi, kabla ya saa 11 jioni umerudi. Huo muda uliobaki usiujaze.

## Hatua ya 9: Siku ya 3, vuka mto Shannon kwa pantoni

Ramani ya simu huweza kukupitisha Limerick. Ikatae. Nenda Kilrush, kisha Killimer, upande pantoni la magari hadi Tarbert. Safari ni kama dakika 20 na inakuokolea zaidi ya kilomita 100 za kuzunguka mdomo wa mto.

Kutoka Killimer linaondoka kila saa kamili. Kutoka Tarbert ni dakika 30 baada ya kila saa kamili. Tiketi unapata humo ndani. Jumapili safari ya kwanza huchelewa, na majira ya baridi ratiba hubadilika, kwa hiyo tazama ratiba usiku wa kuamkia. Fika dakika 15 kabla. Ukishapanda: zima injini, vuta breki ya mkono, acha gari kwenye gia.

Jaza mafuta Kilrush. Kuna watakaokushawishi upitie mnara wa taa wa Loop Head kwa kuwa "uko hapo tu". Kutoka Kilkee kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 50 za barabara nyembamba. Ukienda, siku hiyo haina kitu kingine.

Tarbert hadi Dingle ni kama kilomita 95 kupitia Listowel na Tralee. Ukifika Tralee shika N86. Simu inaweza kukupendekezea Conor Pass. Ni nzuri ajabu, ila juu inakuwa njia moja kati ya mwamba na ukuta mfupi, na magari ya zaidi ya tani 2 hayaruhusiwi. Kama ni mchana mkavu, una gari dogo na ulifaulu mazoezi ya rivasi, sawa. Ukungu ukiwepo, hapana.

## Hatua ya 10: Siku ya 4, Slea Head

Mzunguko wa R559 kutoka Dingle ni kama kilomita 47, nao huliwa kwa nusu siku nzima. Uende kwa mwelekeo wa saa, kwa sababu ileile ya bahari kuwa kushoto, na pia kwa kuwa mabasi yanakwenda hivyo. Ukienda kinyume utakutana nayo uso kwa uso penye mwamba.

Kabla tu ya kona ya Slea Head kijito kinapita juu ya barabara. Ingia kwa gia ya kwanza bila kusimama, ukitoka gusa breki mara mbili zikauke. Mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku kucha, uliza kwanza mwenye nyumba.

Simama Coumeenoole, Dún Chaoin, pwani ya Clogher, na kijikanisa cha mawe cha Gallarus. Dún Chaoin tazama gati kutoka juu kwa miguu. Ile njia ya zigizaga inayoshuka si ya magari; chini hakuna pa kugeuzia.

Kila asubuhi angalia tahadhari za Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ireland. Njano ni uwe macho, chungwa badilisha mpango, nyekundu gari libaki limeegeshwa.

## Hatua ya 11: Siku ya 5, kurudi na kukabidhi gari

Dingle hadi Uwanja wa Ndege wa Dublin ni kama kilomita 350: N86, N21, kisha M7. Ramani itasema saa 4 na nusu, wewe hesabu 6. Kijiji cha Adare kwenye N21 hukaba magari, na M50 jioni ya siku ya kazi haina tofauti na Mombasa Road. Ukitoka saa 3 asubuhi utakuwa umefika kabla foleni haijaanza.

Jaza mafuta kilomita chache kabla ya uwanja na utunze risiti. Lipa tozo ya M50 ya siku hiyo kama si kampuni inayolipa. Hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, maana gari limesharudishwa na mtu yuko hewani.

Kabidhi gari mchana mfanyakazi akiwepo, chukua video nyingine kwa mpangilio uleule wa siku ya kwanza, na omba karatasi au barua pepe inayosema gari limepokelewa bila hasara. Dhamana kwenye kadi hufunguliwa baada ya siku kadhaa. Video zote mbili usizifute hadi uone pesa imerudi.